"Nina pesa zangu": mhasibu anavyoisikia kauli hiyo

Msimu wa kampeni ukifika, hukosi kumsikia mwaniaji juu ya gari la spika akisema, "Mimi nina pesa zangu, sina haja na zenu." Watu hushangilia, na si bure, maana aliyeshiba ataiba nini? Mimi ni mhasibu hapa Pwani ya Kenya. Nimewawekea hesabu wawaniaji wa wadi, wa ubunge, hata wa Seneti, na katika yote yanayotoka kwenye spika zile, hiyo ndiyo kauli ninayoiamini kidogo kuliko zote. Simtilii mtu shaka ya tabia. Ni suala la vitabu tu: fedha zinazoitwa za mfukoni mara nyingi huingia kampeni zikiwa mkopo, na mkopo hulipwa. Swali langu huwa ni nani atakayeulipa, na lini.

Niende kwanza Marekani, kwa sababu huko fedha za kampeni huandikwa na kuwekwa wazi, na ugomvi wake umefika hadi Mahakama ya Juu. Sheria za miaka ya 1970 ziliwawekea wagombea ukomo wa kutumia mali yao wenyewe: dola 50,000 kwa urais, 35,000 kwa Seneti, 25,000 kwa Baraza la Wawakilishi. Mwaka 1976, katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, majaji waliufuta ukomo huo. Walisema kutumia fedha kueneza maoni ya kisiasa kunalindwa na uhuru wa kusema, kisha wakaongeza hoja ambayo matajiri wameishikilia hadi leo: mgombea anayejilipia hupunguza kuwategemea wafadhili, kwa hiyo hatari ya rushwa inapungua. Kwa lugha ya mtaani, mtu hawezi kujihonga mwenyewe.

Hoja nzuri. Shida inaanza ukifungua vitabu.

Mgombea wa Marekani anayetaka kuingiza dola milioni moja zake kwenye kampeni ana njia mbili. Anaweza kuzitoa kama mchango, na hapo zimekwenda, hazirudi. Au anaweza kuikopesha kampeni yake, na hapo vitabu vinaonyesha kwamba kampeni inadaiwa na mgombea. Akishinda, anaandaa hafla ya kuchangisha, wafadhili wanakuja na hundi zao, kampeni inamlipa deni lake. Tazama kilichobadilika. Mchango unaotolewa kabla ya uchaguzi hununua mabango na matangazo ya redio. Unaotolewa baada ya uchaguzi, kwa kampeni yenye deni la namna hii, unaishia katika akaunti ya mwanasiasa mwenyewe, na anayeutoa tayari anajua nani ameshinda kiti.

Bunge la Marekani liliiona njia hiyo, na mwaka 2002 likaweka kizuizi: katika mkopo wa mgombea, fedha zilizochangishwa baada ya uchaguzi zisilipe zaidi ya dola 250,000. Seneta Ted Cruz wa Texas akaikopesha kampeni yake dola 260,000 siku moja kabla ya uchaguzi wa 2018. Zile elfu kumi za juu zikakwama, akaenda mahakamani, na Mei 2022 Mahakama ya Juu ikamkubalia kwa majaji 6 dhidi ya 3. Kizuizi kikaondoka. Jaji Elena Kagan, aliyeandika maoni ya walioshindwa, alisema lile lile ambalo mhasibu yeyote angelisema: fedha hizi zinakwenda mfukoni mwa mtu aliyekwisha kupata madaraka.

Tena mkopo unaweza kuwa na riba. Mbunge mmoja wa California aliikopesha kampeni yake dola 150,000 mwaka 1998 kwa riba ya asilimia 18, na kadiri miaka ilivyopita riba peke yake ikaupita mkopo wenyewe. Yote yaliandikwa, yote yalikuwa halali. Nikiwasimulia wanafunzi wangu wa uhasibu kisa hiki huwa wanadhani nimekosea namba.

Haki itendeke: wapo wanaosamehe. Donald Trump mwaka 2016 aliikopesha kampeni yake makumi ya mamilioni ya dola, kisha akaigeuza mikopo hiyo kuwa mchango. Na wapo waliomwaga fedha zao wakaambulia patupu. Michael Bloomberg alitumia zaidi ya dola bilioni moja kuutafuta urais mwaka 2020, na katika siku kuu ya kura za mchujo akashinda visiwa vidogo vya American Samoa peke yake. Meg Whitman aliweka kama milioni 144 zake kutafuta ugavana wa California mwaka 2010, akashindwa na Jerry Brown kwa mbali. Linda McMahon alitumia karibu milioni 100 katika chaguzi mbili za Seneti huko Connecticut, akashindwa zote mbili. Kuna waliofaulu pia, kama J.B. Pritzker aliyeupata ugavana wa Illinois mwaka 2018. Lakini anayechangiwa na watu elfu kumi ana watu elfu kumi wenye sababu ya kutoka nyumbani kwenda kumpigia kura, na hao hawapatikani kwa hundi ya mtu mmoja.

Huko ni kwa mabilionea. Wateja wangu si mabilionea, na ndiyo maana mambo ya huku yananisumbua zaidi.

Watafiti Karuti Kanyinga na Tom Mboya walitoa utafiti mwaka 2021 kuhusu gharama za siasa Kenya, wakitazama uchaguzi wa 2017. Walipata kwamba kwa wastani mwaniaji wa Seneti alitumia shilingi milioni 35.5, wa kiti cha mwakilishi wa wanawake milioni 22.8, wa ubunge milioni 18.2, na wa wadi milioni 3.1. Sasa chukua kikokotoo. Mwaka huo wa 2017 Tume ya Mishahara iliweka malipo ya mbunge na seneta kuwa shilingi 621,250 kwa mwezi, kabla ya kodi. Milioni 18.2 ni miezi 29 ya mshahara huo. Kwa seneta ni miezi 57, na muhula mzima una miezi 60. Marupurupu yapo, sikatai. Hata hivyo, mtu aliyeuza ploti ili agombee Seneti, akiishi kwa mshahara wake, atafika mwisho wa muhula akiwa hajairudisha ploti yake, na kampeni nyingine inabisha hodi.

Fedha zinakwenda wapi? Ada rasmi ni ndogo: tume ya uchaguzi ilikuwa ikitoza shilingi 20,000 kwa mwaniaji wa ubunge, nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mzigo uko kwingine. Mwaka 2022 nchi ilikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura na maeneobunge 290, yaani vituo kama 159 kwa kila eneobunge. Kila kituo kinataka ajenti wa kumlindia mwaniaji kura, na ajenti anataka nauli, chakula na posho ya siku. Ukimpa kila mmoja 2,000 tu, umekwisha kutumia zaidi ya laki tatu kwa siku moja, na hapo hujaweka ajenti wa akiba wala hujamwaga mafuta kwenye boda boda hata moja.

Kuna kaunta buku moja ambalo sitalisahau. Mwenyewe alikuwa mwaniaji makini, aliandika kila kitu kwa kalamu ya bluu. Kurasa za mwanzo zilianza muda mrefu kabla ya kampeni rasmi, na hazikuwa na bango wala fulana: matanga, matanga, karo ya mtoto wa jirani, bili ya hospitali, harambee ya madrasa, mabati ya kanisa, matanga tena. Leso na spika zilikuja baadaye sana. Upande wa pili aliandika zilikotoka fedha: ploti ya Mtwapa, sacco, shemeji, na chini yake mstari uliosema "kokoto", na namba nene mbele yake.

Nikamwuliza, "Mheshimiwa, hii ya kokoto niiweke mchango au mkopo?"

Akacheka. "Weka ni yangu, bwana mhasibu. Yeye amenipa mimi, mimi nimeipa kampeni."

Kisheria hakusema uongo. Mwenye kokoto alimpa rafiki yake fedha, rafiki akazitumia anavyotaka. Lakini mtu anayeuza kokoto anajua barabara hutengenezwa kwa kokoto, na anajua zabuni hupitia kwa nani. Jukwaani jioni ile fedha hizo hizo zikawa "pesa zangu mwenyewe".

Kwa nini hakuna aliyemwuliza isipokuwa mimi? Katiba ya 2010, ibara ya 88, inaipa IEBC, yaani tume ya uchaguzi, jukumu la kudhibiti kiasi kinachotumiwa na mgombea. Sheria ya kufadhili kampeni ikapitishwa mwaka 2013. Mapema mwaka 2017 Bunge likaisimamisha hadi uchaguzi upite. Mwaka 2021 tume ikatangaza viwango vipya, shilingi bilioni 4.4 kwa mwaniaji wa urais, na Bunge la Kitaifa likazikataa kanuni zake. Waliozikataa ndio waliokuwa wakijiandaa kugombea. Matokeo yake, chaguzi mbili zilipita bila ukomo, na swali la mchango au mkopo halikupata hata fomu ya kulijibia.

Tanzania walipita njia nyingine. Marekebisho ya sheria ya uchaguzi ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipoyabatilisha mwaka 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikaja na ukomo wa matumizi, na ikamtaka mgombea ataje mapema fedha alizonazo na anazotarajia kupata. Utekelezaji ni mada ya siku nyingine, ila angalau swali limeandikwa.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Ufaransa, kwa vile unaianika siri nzima. Kule matumizi yana ukomo hata yakiwa ya mgombea mwenyewe: mwaka 2022, kwa duru ya kwanza ya urais, ulikuwa kama euro milioni 16.9. Anayepita asilimia 5 ya kura hurudishiwa na serikali fedha alizoweka mwenyewe, hadi asilimia 47.5 ya ukomo. Ndiyo, fedha zake mwenyewe, kwa kuwa kila mtu kule anajua zimekopwa benki kwa jina lake. Mgombea mmoja wa mwaka huo, Valérie Pécresse, alipata asilimia 4.78. Siku iliyofuata alisimama mbele ya kamera akasema ana deni binafsi la euro milioni 5, akaomba wananchi wamchangie. Aibu hiyo ilikuwa kubwa, ila mpiga kura alijua deni ni la nani, kiasi gani, na lilitoka wapi.

Sheria ya huku haijanipa fomu ya namna hiyo, kwa hiyo nimeitengeneza yangu. Kabla sijamfungulia mtu vitabu vya kampeni namtaka asaini karatasi moja yenye mistari michache: kila fedha anayoiita yake ilitoka wapi, kama kuna anayeidai, kwa riba gani, na italipwa kwa fedha zipi akishinda na kwa zipi akishindwa. Wapo wanaosaini, wakanishukuru kura zikishahesabiwa. Wengine husoma hadi mstari wa riba, wakainuka wakaenda kutafuta mhasibu mwingine, na Mombasa wahasibu hawakosi.