Hakuna mwenye "frihodi yake" humo ndani

Ndugu zetu walionunua fleti London, Leicester au Reading wana sentensi moja wanayoipenda, hasa pale majirani wa jengo zima wanapofaulu kununua ardhi na jengo kutoka kwa mwenyewe: "Sasa kila mtu ana frihodi yake," yaani umiliki wa kudumu. Hongera zao, si jambo dogo. Ila hakuna hata mmoja aliyepata frihodi yake.

Maana yenyewe haina mengi. Kwa sheria ya England na Wales (Uskoti wana yao), anayenunua fleti kwa kawaida ananunua lizi, yaani haki ya kukaa humo miaka 99, 125 au zaidi. Ardhi na jengo vinabaki kwa mwenye frihodi, mmiliki wa kudumu. Sheria ya 1993 inawaruhusu wenye lizi kuungana na kumlazimisha awauzie, atake asitake. Thuluthi mbili za fleti lazima ziwe na lizi zilizotolewa kwa zaidi ya miaka 21, na fleti zinazoshiriki zifike nusu ya fleti zote. Bei ikiwashinda kuelewana, baraza la mali linaamua. Si ajabu kwamba Duke wa Westminster wa wakati huo, ambaye ukoo wake una ardhi nyingi Mayfair na Belgravia, mitaa ya kitajiri London, alijitoa chama cha Conservative mwaka huohuo kwa kuichukia sheria hii.

Swali linalorukwa ni hili: nani hasa amenunua? Mara nyingi ni kampuni. Wanaoshiriki wanafungua kampuni, kila fleti inapewa hisa, na jina linaloingia kwenye daftari la ardhi ni la kampuni. Majengo madogo huandikisha majina ya watu wenyewe, lakini hayazidi manne, na wanne hao wanashika mali kwa niaba ya wote. Hakuna aliyekatiwa kipande. Mama wa ghorofa ya pili sasa ana vitu viwili tofauti: lizi yake ileile na hisa kwenye kampuni. Akiuza fleti akasahau kumhamishia mnunuzi ile hisa, mawakili watakula pesa kurekebisha kosa hilo.

Na lizi haifi. Kama juzi ilikuwa imebakiza miaka 72, siku ya kusherehekea bado ni 72, na itaendelea kupungua mpaka kampuni imwandikie mpya. Kwa kuwa kampuni ni wao wenyewe, kwa kawaida wanaandikiana ya miaka 999, na pango la ardhi linakuwa punje moja ya pilipili manga, ambayo hakuna anayepita mlangoni kuidai. Lakini hilo ni tendo la pili, lenye karatasi zake na gharama zake. Wapo wanaolala wakidhani limejifanya lenyewe.

Ada ya huduma, ile ya kutunza jengo, nayo haiondoki. Paa likivuja, mwenye nyumba wa kulaumiwa ni ninyi. Yule jirani aliyekataa kuchangia ununuzi anabaki na lizi yake, na kama lizi hiyo ina pango la ardhi, sasa anawalipa ninyi. Hapo salamu za kwenye ngazi hubadilika kidogo.

Nadhani kosa tunalitoa nyumbani. Ukimtajia Mkenya frihodi, anaona shamba lenye mipaka na hati ya jina lake. Mtanzania naye hakukulia nayo kabisa: ilifutwa 1963, na ardhi yote ni ya umma, chini ya udhamini wa Rais. Kwa hiyo neno linafika Leicester likiwa tupu, kila mtu analijaza anavyotaka.

Kinachonichekesha ni kwamba wanachokieleza kipo kweli, ila si hiki. Mtu kuwa na hati ya fleti yake mwenyewe, pamoja na fungu katika ngazi, lifti na uwanja, ndicho kinacholengwa na sheria ya Kenya ya 2020 kuhusu umiliki wa sehemu za majengo, na ya Tanzania ya 2008. Hata England wana mfumo wa namna hiyo, komonhodi, ulioanza kutumika 2004, lakini majengo yaliyoufuata ni ya kuhesabika. Wala msichanganye na ile haki ya 2002 ya kuchukua usimamizi wa jengo: hapo mnamwondoa wakala wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba anabaki palepale na ardhi yake.

Basi mtu akikuambia ana frihodi yake, usimkatize furaha. Mpe pongezi, kisha umuulize taratibu lizi yake imebakiza miaka mingapi na cheti cha hisa amekiweka wapi.