Kwanini The Godfather haichuji: maneno ya mtu wa kuediti

Mi kazi yangu ni kuediti. Wiki nzima niko na video za harusi na send-off za watu, muvi za Kibongo zinachomekwa katikati hapo pesa ikipatikana, kwa hiyo nikisema ile harusi ya mwanzoni mwa The Godfather nimeiangalia mara nyingi kuliko harusi za ndugu zangu naomba mniamini, naiangalia kama fundi cherehani anavyogeuza shati la mwenzake ndani nje kutafuta mishono imepita wapi.

Sasa kuna kijana hapa ofisini ananisaidia kukopi mafaili, juzi kaniuliza, "Kaka, hii muvi ya 1972, wazee wanaongea tu gizani, mnaipendea nini?" Nikamjibu juujuu maana kuna mteja alikuwa amesimama mlangoni anasubiri flashi yake. Leo nina nafasi, najibu.

Anza na skrini nyeusi. Kabla hujaona chochote unasikia mtu anasema anaiamini Marekani, alafu ndo uso unatokea, mzee mmoja anaitwa Bonasera, kazi yake kuandaa maiti na mazishi. Anasimulia binti yake alivyopigwa na vijana wawili, wakakamatwa, hakimu akawahukumu na kuwaachia siku hiyohiyo. Wakati anaongea kamera inarudi nyuma taratibu mno, zaidi ya dakika 2 bila kukatwa, mpaka pembeni linaingia bega la mtu, kisha mkono. Hapo ndo unagundua kumbe mzee hakuwa anaongea na sisi, yuko kwa mtu anaomba. Mi ningekuwa pale kwenye taimlaini ningeshakata zamani kumwonyesha anayesikiliza, wallahi, sekunde ya kumi tu nishakata. Wao wameziba mdomo, na we unabaki unajiuliza ni nani huyo ambaye mtu mzima analia mbele yake.

Na huyo mtu, Vito Corleone, bosi wa familia ya wahalifu ya New York, alipofungua mdomo hakuanza na mambo ya kuua. Alilalamika! Kwamba tumejuana miaka yote hii hujawahi kunijia kuomba ushauri, sikumbuki lini mara ya mwisho umeniita kwako kahawa, na mke wangu ndo mama wa ubatizo wa mwanao wa pekee. Yaani kosa kubwa la Bonasera ni kuutupa undugu, kuja siku ya shida tu. Nani kakulia uswahilini hajawahi kusikia shangazi au mjomba akilalamika hivohivo, neno kwa neno, kwenye mkeka msibani?

Hapo ndo siri ya muvi nzima ilipo kwa maoni yangu. Biashara yote mle inaongelewa kwa lugha ya undugu, na undugu wote unaendeshwa kama biashara, mpaka unafika mahali huwezi tena kutenganisha, na ukishazoea hiyo lugha tayari umekaa nao meza moja.

Kuna kitu kilisaidia hapo na hakikupangwa na wasanii. Kabla ya kushuti walitokea watu wa chama kimoja cha kutetea haki za Wamarekani wenye asili ya Italia, wakaibana studio ya Paramount, prodyuza Albert Ruddy akakubali neno Mafia litolewe kwenye skripti. Kichekesho ni kwamba kiongozi wa chama hicho, Joe Colombo, mwenyewe alikuwa bosi wa moja ya zile familia za wahalifu za New York. Anyway, neno likatoka, likabaki "familia", na mi naona liliipendeza muvi kuliko skripti ilivyokuwa, maana ukisema Mafia mtazamaji anawaza bunduki, ukisema familia anawaza kwao.

Turudi harusini. Kwenye harusi zote nilizoediti kuna mzee mmoja hapatikani wakati wa picha ya familia. Mpigapicha anaita weeee, bibi harusi kashachoka kusimama, kumbe baba mtu kavutwa pembeni na mtu anataka mwanae atafutiwe kazi, huku mwingine naye anasubiri zamu. Dairekta, Francis Ford Coppola, kachukua hilo hilo. Nje jua kali, watu wanacheza, rangi zimeng'aa mpaka zinataka kuungua, alafu wanakata ndani ya ofisi, mapazia yamefungwa, giza la rangi ya kahawia. Aliyeweka zile taa anaitwa Gordon Willis, alizining'iniza juu ya kichwa ili macho ya Marlon Brando, anayecheza Vito, yaingie kivulini, na wakubwa wa studio walinung'unika kwamba macho ya staa wao hayaonekani. Ndo maana yake! Unaongea na mtu usiyeona anawaza nini. Na ile picha ya familia nayo Vito anaigomea, hapigwi picha mpaka mwanae Michael afike. Michael akija na demu wake Kay anamvuta na yeye aingie kwenye picha, hata hawajaoana, ye anacheka tu hajui anaingizwa wapi.

Muda mfupi kabla ya hapo Michael kamwambia Kay kwamba hiyo ni familia yangu, siyo mimi. Kaja na magwanda ya jeshi, kasoma, wala hana haja na mambo ya nyumbani. Baadae sana, bustanini, mzee Vito anamwambia alitegemea yeye awe seneta, awe gavana. Mtu aliyetoka kwao akaja mjini akachafua mikono ili mtoto wake avae tai safi ataielewa hiyo sini bila tafsiri, awe kahamia New York au Mbagala. Waliotengeneza wenyewe waliijua hiyo kitu toka nyumbani, Mario Puzo aliyeandika kitabu 1969 ni mtoto wa wahamiaji wa Kiitalia, Coppola naye ukoo wake ni wa hukohuko, bibi harusi Connie, binti wa Vito, kachezwa na dada wa damu wa Coppola, Talia Shire, na Al Pacino, anayecheza Michael, ambaye studio hawakumtaka kabisa wakitaka sura zenye jina, babu na bibi yake upande wa mama walitoka Corleone yenyewe, mji wa kule Sicily, Italia. Hiyo haifundishwi chuo.

Sasa angalia wanavyombadilisha Michael, maana hakuna mahali anasema nimebadilika. Usiku hospitali, baba yake kapigwa risasi, walinzi wameondolewa, yuko nje na Enzo mtengeneza mikate wanajifanya wana silaha mifukoni. Gari la wauaji linapita, linaenda. Enzo anatoa sigara, mikono inatetemeka hawezi kuwasha kibiriti cha gesi. Michael anakichukua anamwashia, alafu anakiangalia kile kibiriti na mkono wake mwenyewe, umetulia tuli, na anashangaa kidogo. Hapo ndo kajijua, na hakuna neno limetamkwa. Kwa wanaoediti wenzangu, zile kolido tupu za hospitali zinazotisha nyingine ni mabaki, George Lucas alikuwa anamsaidia Coppola akaenda kuokota vipande vya mwisho vya shoti, pale kabla hawajasema kata. Msifute mabaki jamani, hadi diski ijae kabisa.

Baada ya hapo Michael kakaa kwenye kiti, taya limevimba, anaeleza atakavyowaua Sollozzo, adui aliyetaka baba yake auawe, na kapteni wa polisi anayemlinda, na kamera inamsogelea taratibu kama ilivyomkimbia Bonasera. Wenzake wanacheka. Sisi tunaosogezwa hatucheki.

Na mgahawani! Sollozzo anaongea Kiitalia na hawajaweka tafsiri chini ya skrini, unabaki na uso wa Michael tu, macho yanahama, na miuziki hakuna. Kilichopo ni treni ya juu inapita nje, inakuja kwa nguvu mpaka inapiga kelele kichwani mwake, kazi ya fundi wa sauti Walter Murch hiyo, halafu risasi. Miuziki inaingia akishaidondosha bastola. Mi niliwahi kuediti sini ya mtu anataka kumuua kaka yake, nikaiacha na saundi ya feni tu inayolialia, mwenye pesa akaja akasema hapa pamelala weka biti la huzuni, nikaweka, ndo maisha.

Siyo kwamba haina kasoro. Ile ngumi ya Sonny, kaka yake Michael, anavyompiga shemeji yake Carlo, mume wa Connie, barabarani kuna moja inapita hewani kabisa, kila editor kaiona. Sehemu ya Sicily, Michael anapojificha, inavuta kidogo. Na wanawake karibu wote wamewekwa nje ya vyumba vinavyoongelewa mambo, ingawa hilo nadhani muvi yenyewe inalijua.

Ubatizo ndo umeigwa mno siku hizi mpaka umekuwa kama kiungo cha supu. Padri anauliza, je, unamkataa Shetani, Michael anajibu namkataa, wanakata mtu anapigwa risasi kwenye lifti, wanarudi kanisani, kinanda hakikatiki hata wakiwa nje kwenye damu, ndo kinaunganisha kila kitu. Ila waigaji wanaiga kukatakata tu, wanasahau nani ni nani pale. Mtoto ni wa Connie (aliyebebwa ni Sofia Coppola, binti wa dairekta, kachanga kabisa). Michael ni mjomba wake, na sasa ni baba yake wa ubatizo. Jina la muvi limemfikia, kwa maana zote mbili (godfather ni baba wa ubatizo, na ni bosi wa familia ya wahalifu), kanisani. Na siku hiyohiyo anaagiza auawe shemeji yake Carlo, baba mzazi wa mtoto aliyetoka kumsimamia. Kama unataka kunielewa niliposema undugu na biashara vimekuwa kitu kimoja, basi ndo hapo.

Nilimwekea yule kijana dakika tano za mwisho tu. Kay anamuuliza Michael kama kweli kamuua mume wa wifi yake, anaambiwa hapana, anapumua, anatoka kwenda kuchanganya vinywaji. Anageuka nyuma, anaona wazee wanambusu mumewe mkono, wanamwita Don Corleone. Alafu wanakata, tunamwona Kay usoni, na mlango unafungwa mbele yake. Nikasimamisha. Nikamuuliza, kamera ilikuwa upande gani? Kaduwaa, akarudisha mwenyewe nyuma akaangalia tena.

"Ndani," akasema. "Tuko ndani na wao." Kisha akauliza sehemu ya pili, Part Two, ni ndefu kiasi gani, nikamwambia masaa matatu na dakika ishirini na mbili, akavuta pumzi, akachomeka diski yake ya eksteno akaanza kukopi.