Vinia kwa meno ya kahawia: maswali na majibu kwa waliokulia kwenye maji ya floraidi

Vinia ni kigamba chembamba cha kauri au kompositi (plastiki ngumu ya kuzibia meno) kinachogandishwa upande wa mbele wa jino ili kuficha rangi, mashimo au mmeguko. Ukanda wetu una sababu yake ya kuiulizia: maji yenye floraidi nyingi ya Arusha, Manyara, Kilimanjaro na Bonde la Ufa upande wa Kenya. Maswali haya yanahusu zaidi meno hayo.

Madoa haya nimekuwa nayo tangu utotoni. Nikisugua sana hayatoki?

Hayatoki, kwa sababu hayako juu. Floraidi ikizidi wakati jino bado linajengeka ndani ya taya, tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi, enameli, yaani ganda gumu la nje la jino, hukomaa ikiwa na vitundu vidogo chini ya uso wake. Jino huota likiwa na weupe wa chaki, kisha rangi ya kahawia huingia kwenye vitundu mwaka hadi mwaka. Shirika la Afya Duniani linashauri maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na vyanzo vingi vya miteremko ya Mlima Meru vinapita hapo mara kadhaa. Magadi ya kuivishia maharage na makande nayo huongeza mzigo. Kuchemsha maji hakusaidii: maji yanapungua, floraidi inabaki.

Mkaa, majivu na limau vinakula enameli bila kulifikia doa. Na enameli hiyo ndiyo utakayoihitaji siku ukitaka vinia.

Kwa hiyo vinia ndiyo dawa pekee?

Mara nyingi siyo, na daktari anayekupeleka moja kwa moja kwenye vinia bila kutaja njia nyingine muulize kwa nini. Madoa mepesi yanaweza kupunguzwa kwa kukwangua enameli kidogo sana kwa asidi iliyochanganywa na unga laini. Weupe wa madoadoa unaweza kufichwa kwa utomvu mwepesi wa plastiki unaonyonywa ndani ya vitundu. Kahawia ya wastani hufifia kwa jeli ya kung'arisha, kwa mfano kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10 inayovaliwa usiku ndani ya trei iliyotengenezwa kwa kipimo cha meno yako, kwa wiki kadhaa. Jeli hiyo inaweza kufanya meno yashtuke kwa baridi kwa muda, jambo la kawaida.

Vinia inastahili jino lenye kahawia nzito, lenye uso uliochimbika, au lililomeguka ncha. Hata hapo, kung'arisha kwanza kuna faida, na sababu utaiona chini kwenye suala la unene. Ila baada ya kung'arisha subiri wiki 2 kabla ya kugandisha chochote, kwa kuwa oksijeni inayobaki ndani ya enameli hudhoofisha gundi.

Kauri au kompositi?

Kompositi hujengwa kinywani siku hiyo hiyo, jino halichongwi sana au halichongwi kabisa, bei iko chini, na ikimeguka inazibwa palepale. Lakini hunywa rangi ya chai na kahawa, hupoteza mng'ao, na baada ya miaka 5 hadi 7 mara nyingi inataka kufanyiwa upya. Kauri hutengenezwa maabara, haishiki rangi, na ikigandishwa vizuri huvuka miaka 10 bila shida. Kwa kijana wa miaka 18 ambaye fizi zake bado zinajipanga, sisi tungeanza na kompositi.

Nimeambiwa zirkonia ndiyo imara kuliko zote. Kweli?

Zirkonia ni aina ya kauri, na ni ngumu kuvunjika, ndiyo. Kauri ya kizamani ya felspa huvumilia takriban megapaskali (kipimo cha nguvu) 60 hadi 100, ya lithiamu disiliketi karibu 400, na zirkonia nyingi huenda juu zaidi. Wauzaji huishia kwenye namba hizo.

Tatizo ni kwamba vinia haisimami kwa nguvu zake yenyewe. Peke yake mkononi ni kitu cha kuvunja kwa vidole; uimara wake unatokana na kushikana na jino hadi viwe kitu kimoja. Kauri yenye kioo ndani, yaani felspa na lithiamu disiliketi, huparuzwa na asidi ya hidrofloriki ikabaki na vinyweleo ambamo gundi huingia na kung'ang'ania. Zirkonia haina kioo hicho, asidi hiyo haiigusi. Hutegemea kupulizwa unga wa alumina na kupakwa kemikali maalumu, na kwenye kigamba chembamba mshiko wake hauaminiki vile vile. Pia zirkonia nyingi haipitishi mwanga vizuri, ndiyo maana meno mengine huonekana kama vigae vya bafuni.

Kwa meno mengi ya mbele yenye floraidi, lithiamu disiliketi ndiyo chaguo la kati: ngumu ya kutosha, inapitisha mwanga, na maabara huweza kuchagua kipande chenye uzito wa kuficha doa.

Jino langu litachongwa kiasi gani?

Hapa ndipo vinia nyingi huharibika kabla hata hazijatengenezwa. Enameli ya jino la mbele la juu ni nyembamba: karibu na ufizi ina milimita 0.3 hadi 0.5, katikati inakaribia 1. Vinia ya kawaida huhitaji nafasi ya takriban 0.3 karibu na ufizi, 0.5 hadi 0.7 katikati, na 1 hadi 1.5 kwenye ncha. Ukikaa ndani ya vipimo hivyo unagandisha juu ya enameli. Ukizidisha unafika dentini, tabaka la chini ya enameli, ambayo ni laini, ina unyevu, gundi huishika kwa shida, na jino hushtuka kila ukinywa maji baridi.

Sasa kwa jino la kahawia kuna mvutano. Kila ngazi moja ya rangi unayotaka kupanda huhitaji kauri ya unene wa milimita 0.2 hadi 0.3 hivi, kwa hiyo doa zito linadai vinia nene, na vinia nene inadai kuchonga enameli usiyokuwa nayo. Daktari mwenye uzoefu hutatua hivi: anang'arisha kwanza ili kupunguza ngazi, anachimba kipande cha doa zito pekee na kukiziba kwa kompositi isiyopitisha mwanga, kisha anachonga sehemu iliyobaki kwa kina kidogo. Huchonga kwa kichongeo cha mashine chenye mitaro ya kina kinachojulikana, si kwa kukadiria kwa macho, na vizuri zaidi huchonga kupitia sampuli ya umbo la mwisho iliyobandikwa juu ya meno.

Ukiambiwa meno yote yatachongwa pande zote hadi yabaki vigingi, hiyo si vinia. Ni krauni, yaani kofia ya jino zima, na haina kurudi nyuma.

Nichague rangi ipi ili isionekane ya bandia?

Jino halina rangi moja. Karibu na ufizi lina ujoto kidogo, katikati linang'aa, nchani linapitisha mwanga, na chonge huwa nzito kuliko meno mawili ya mbele. Vinia kumi za rangi moja bapa hujitangaza toka upande wa pili wa barabara. Ngozi nyeusi hufanya meno yaonekane meupe zaidi kuliko yalivyo, hivyo rangi inayoonekana ya wastani kwenye kibao cha rangi huwa nyeupe vya kutosha mdomoni.

Rangi ichaguliwe kwa mwanga wa mchana, bila rangi ya mdomo, na mwanzoni mwa ziara. Kinywa kikikaa wazi dakika chache jino hukauka na kuwa jeupe kuliko kawaida yake, ukachagua rangi ya jino ambalo si lako. Picha za karibu zenye kibao cha rangi pembeni ya jino zipelekwe kwa fundi wa maabara.

Dai kujaribishwa kabla ya kuchongwa: sampuli ya nta inageuzwa kuwa plastiki ya muda, inawekwa mdomoni, unaongea na kucheka nayo. Tamka "fedha", "vifaa", "safari". Ncha zikiwa ndefu mno, f na v zitakwaruza mdomo wa chini.

Siku ya kugandisha, nini huharibika?

Mate. Tone moja kwenye enameli iliyokwisha kuparuzwa linatosha kuharibu mshiko, kwa hiyo meno yatengwe kwa shuka la mpira au angalau pamba na kinyonya mate kinachofanya kazi. Mpangilio ni huu: vinia inajaribishwa kwa jeli ya rangi, inaoshwa; upande wake wa ndani unapakwa asidi ya hidrofloriki ya asilimia 5, ambayo kwa lithiamu disiliketi ni sekunde 20 tu, kwani kuzidisha kunaidhoofisha; kisha sileni, kemikali inayounganisha kauri na gundi. Jino linaparuzwa kwa asidi ya fosforiki ya asilimia 37.

Kwa jino la floraidi hatua hiyo ya mwisho ina ujanja wake. Safu ya juu kabisa ya enameli hiyo ina madini mengi na hugomea asidi. Sekunde 15 hadi 30 za kawaida hazitoshi mara nyingi. Safu hiyo iondolewe kidogo kwa kichongeo na asidi ikae muda mrefu zaidi, hadi uso ukikaushwa uonekane mweupe kama chaki kila mahali. Hatua hii ikirukwa, vinia inaweza kubanduka mapema.

Gundi iwe ya kukauka kwa taa. Aina nyingine zinazojikausha zenyewe huelekea kugeuka manjano, na chini ya kigamba chembamba hilo linaonekana. Mabaki yasafishwe hadi uzi wa meno upite bila kukwama. Yakibaki, ufizi utakuwa mwekundu na kutoa damu.

Nitamjuaje asiye daktari?

Kubandika meno saluni au nyumbani kwa gundi ya kucha ni hatari, hayadumu, na jino lako huoza chini kwa chini. Tanzania Bara madaktari wa kinywa na meno husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na Kenya na KMPDC, baraza la madaktari na madaktari wa meno. Omba jina kamili, hakiki usajili. Halafu uliza maswali mawili: ni kauri ya aina gani, na je, utabaki ndani ya enameli? Asiyeweza kujibu la pili asikuguse.

Nizitunzeje?

Mswaki laini, dawa ya meno isiyo na chembechembe kali, uzi kila siku. Dawa yenye floraidi usiiache. Mtu mzima haimletei madoa, na pale kauri inapokutana na jino bado panaweza kuoza. Mwambie anayekusafisha meno asitumie jeli ya floraidi yenye asidi kali, inafifisha kauri.

Muwa, mfupa, mahindi ya kuchoma ya kung'ata kwenye gunzi, kufungua soda kwa meno: acha. Kama unasaga meno usingizini sema mapema, utengenezewe kinga ya kuvaa usiku.

Ikibanduka?

Iweke kwenye chombo kidogo kigumu, si kwenye tishu, maana watu huitupa. Usiirudishe kwa gundi ya dukani. Ikiwa nzima, mara nyingi husafishwa na kugandishwa tena. Muombe daktari atazame gundi ilibaki upande gani: ikibaki yote kwenye kauri na jino likiwa safi, kosa lilikuwa kwenye kuandaa enameli, ikibaki kwenye jino, kauri ndiyo haikuandaliwa sawasawa.