Kitambi, misuli na sukari ya damu: maswali na majibu

Kilo zikiongezeka, huenda wapi mwilini?

Sehemu kubwa huwa mafuta. Misuli nayo huongezeka kidogo, hasa ya miguu, kwa kuwa inabeba mwili mzito zaidi. Mafuta hujilimbikiza kwanza chini ya ngozi, mapajani na makalioni, na hapo madhara si makubwa. Seli za mafuta zikishajaa, yanayozidi huhamia tumboni kuzunguka utumbo, kwenye ini, kwenye kongosho na ndani ya misuli yenyewe. Uwezo wa kuhifadhi chini ya ngozi hutofautiana, ndiyo maana wafanyabiashara wawili wa soko la Kibuye, Kisumu, wenye kimo na kilo sawa, mmoja anaweza kuugua kisukari na mwenzake asiugue.

Misuli ina uhusiano gani na kisukari?

Mkubwa sana, na ndio unaosahauliwa. Ukila ugali, wanga wake huvunjwa kuwa sukari, na insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, huisukuma sehemu kubwa ya sukari hiyo kwenye misuli. Mafuta yaliyopenya ndani ya seli za misuli huvuruga ishara ya insulini, sukari ikabaki kwenye damu. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, na kwa miaka kadhaa kipimo cha sukari kinaweza kuonekana cha kawaida. Katika kipindi hicho ini lenye mafuta huendelea kumwaga sukari hata usiku mtu akiwa amelala, na mara nyingi presha hupanda. Kongosho likishindwa kumudu, kisukari hujitokeza.

Nitajipimaje nyumbani?

Tumia futi ya fundi wa nguo. Simama wima, inua shati, izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kawaida, kisha usome bila kukaza. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, hatari huanza kupanda mwanamume akizidi sentimita 94 na mwanamke 80; ikizidi 102 na 88, hatari ni kubwa. Angalia pia shingo na makwapa: ngozi nyeusi, nene, inayofanana na uchafu usiotoka kwa kusugua, mara nyingi ni dalili kwamba insulini haifanyi kazi vizuri.

Kisha kapime damu baada ya kukaa saa 8 bila kula. Sukari ya 6.1 hadi 6.9 mmol/L (milimoli kwa lita ya damu) ni onyo. Ikifika 7.0 na kipimo kikirudiwa kikathibitisha, ni kisukari.

Si nipunguze chakula tu?

Hapana. Anayejinyima bila mazoezi hupoteza misuli pia, takriban robo ya kilo zinazopungua, na misuli ndiyo unayoihitaji kumeza sukari. Anza na chai: vijiko vidogo vitatu vya sukari katika kila kikombe, kwa vikombe vinne, ni karibu gramu 48 kwa siku. Punguza donge la ugali, jaza sahani kwa sukuma wiki au mrenda, lakini usipunguze omena, ngege, maharagwe wala mayai. Lenga gramu 1 hivi ya protini kwa kila kilo ya uzito; yai moja lina kama gramu 6. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza.

Tembea dakika 10 baada ya mlo, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata insulini ikiwa dhaifu. Jumla ya wiki ifike dakika 150. Anayetoka Kondele kwenda mjini anaweza kushuka matatu mapema. Mara mbili kwa wiki, kaa na kuinuka kitini bila kushika, mara 10, raundi tatu. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba mpango wa dakika 150 na lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito ulishusha hatari ya kisukari kwa asilimia 58. Kwa mtu wa kilo 86, hizo ni kilo 6 tu.

Ninatumia dawa za kisukari. Nianze leo?

Zungumza na kliniki yako kwanza. Insulini na baadhi ya vidonge, vikikutana na chakula kidogo na mazoezi mapya, vinaweza kushusha sukari kupita kiasi. Ukitetemeka, ukitoka jasho jembamba au ukichanganyikiwa, kunywa nusu glasi ya soda yenye sukari mara moja, kisha upime.