Fungo ndani ya chupa

Kazi yangu ni kuonja kahawa. Asubuhi, hapa Moshi, napanga vikombe mezani: gramu 8.25 za kahawa iliyosagwa kwa mililita 150 za maji ya moto. Nasubiri dakika nne, navunja lile tabaka la juu kwa kijiko, kisha navuta kwa kelele kama mtoto aliyepewa mchuzi. Pombe si fani yangu. Lakini mwaka juzi rafiki yangu anayeishi Copenhagen alikuja likizo na chupa mbili za bia nyeusi, akazitua mezani kwangu. "Kaka, hii ni kahawa yako," akasema, "ila imepitia tumboni."

Bia hiyo inaitwa Beer Geek Brunch Weasel, ya Mikkeller. Kampuni hiyo ilianzishwa Copenhagen mwaka 2006 na mwalimu wa hisabati na fizikia, Mikkel Borg Bjergsø, pamoja na mwenzake Kristian Klarup Keller. Mwanzoni hawakuwa na kiwanda hata kimoja; walibuni bia, wakaenda kuipikia kwenye mitambo ya wengine. Hii ni stauti, yaani bia nyeusi nzito, iliyopikwa na oti, yenye kileo asilimia 10.9. Kilimanjaro ya baa ni 4.5, basi piga hesabu mwenyewe kabla hujaongeza chupa ya pili.

Jina linamtaja kicheche, ndiye huyo "Weasel", lakini kicheche hahusiki. Mhusika ni fungo wa Asia ya Kusini-Mashariki, yule anayepanda miti na kula matunda. Anakula matunda ya kahawa yaliyoiva, nyama ya tunda inamwishia tumboni, mbegu zinatoka zima kwenye kinyesi. Watu wanaziokota, wanazisafisha, wanazianika, wanazikoboa na kuzikaanga. Waindonesia wanaiita kopi luwak, na ni miongoni mwa kahawa ghali kuliko zote duniani. Usikunje uso sana: kikaango cha kahawa kinapita nyuzi 200, hakuna kijidudu kitakachotoka humo hai. Tena ukoo huu wa wanyama umetafutiwa utajiri sehemu za nyuma tangu zamani. Muulize mtu wa Unguja anayemjua ngawa, atakusimulia habari za zabadi, ule ute wa harufu kali wa mnyama huyo unaotiwa kwenye manukato.

Chupa ya kwanza niliitoa kwenye friji nikaiacha mezani zaidi ya nusu saa. Najua kwetu bia "ya moto" ni tusi kwa mhudumu, lakini baridi kali inafunga harufu, na bia kama hii ukiinywa ya barafu utabaki na uchungu mtupu. Niliimimina kwenye glasi ya mvinyo, ile yenye tumbo pana na mdomo mwembamba, nikaijaza robo tu.

Ilikuwa nyeusi kweli. Niliinyanyua kuelekea dirishani na mwanga haukupita hata ukingoni. Povu lake lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa iliyokolea, na liling'ang'ania glasi. Harufu ya kwanza ilikuwa kahawa, ndiyo, kahawa ya kukaangwa sana. Nyuma yake ikaja sukari guru iliyokaribia kuungua, kisha chokoleti isiyo na maziwa, kisha kitu kilichonichukua sekunde kadhaa kukitaja: kibuyu cha mtindi kilichofukizwa. Ni moshi mwepesi, wa mbali. Rafiki yangu alisoma lebo na kweli, kimea cha kufukizwa kilikuwemo.

Mdomoni ilikuwa nzito. Huo uzito ni kazi ya oti, ile nafaka ya uji wa Wazungu, kwa sababu ina beta-glukani nyingi, yaani uteute uleule unaoufanya uji wake uvutike. Bila oti, stauti yenye nguvu hivi inaweza kukwaruza. Hapa ilipita kama uji wa ulezi uliopoa, laini, halafu joto la kileo likashuka kooni polepole. Uchungu ulikuja mara mbili, kwanza wa kuungua, baadaye wa hopsi, yale maua yanayoitia bia uchungu, na huu wa pili ndio ulioganda nyuma ya ulimi. Dakika tano baadaye bado nilikuwa naionja. Ni bia nzuri. Niliseme hilo mapema, maana mengine nitakayosema hayataisifu sana kahawa yake.

Nilimtafuta fungo na sikumwona.

Ninapoonja kahawa natafuta kwanza uchachu: wa ndimu, wa chungwa, wa zabibu. Huo ndio unaoniambia kahawa imetoka mlimani na imetunzwa. Ndani ya glasi ile hapakuwa na uchachu wa kahawa ninaoweza kuusemea. Sababu haihitaji maabara. Stauti inapata weusi wake kutoka kwenye shayiri iliyokaangwa, na shayiri ikikaangwa hadi kukaribia kuungua inatoa harufu za ukoo mmoja na zile za kahawa iliyokaangwa. Ndiyo maana hata stauti isiyo na chembe ya kahawa watu huisifu kwamba ina kahawa. Ukitia buni adimu humo, ni kama kumpa mwimba taarabu mwenye sauti nyembamba jukwaa moja na ngoma nane. Anaimba, lakini nani atamsikia?

Haina maana kwamba tumbo la fungo halifanyi kitu. Mwaka 2004 Massimo Marcone wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, alichapisha uchunguzi wake. Alichukua kopi luwak ya Indonesia, na pia kahawa iliyopitia kwa fungo wetu wa Afrika, kule Ethiopia. Aligundua kuwa vimeng'enya vya tumboni vinapenya hadi ndani ya mbegu na kuzivunjavunja baadhi ya protini zake. Protini zinashiriki kutengeneza ladha na uchungu wakati wa kukaanga, kwa hiyo tofauti ipo. Niliwahi kuionja kahawa hiyo peke yake kikombeni: laini, uchungu kidogo, uchachu umelala, ladha inakatika mapema. Kwa mizani ya kazi yangu ni kahawa ya wastani iliyovaa suti ya harusi. Na ulaini huo, ambao ndio sifa yake kubwa, unakwenda kuwekwa kwenye kinywaji ambacho oti zimeshakilainisha.

Sikutaka kubishana kwa maneno matupu, basi nikafanya jaribio la jikoni. Nilinunua stauti ya kawaida dukani, nikaigawa kwenye mitungi mitatu ya kioo, nikalowekea humo kahawa iliyosagwa kubwakubwa usiku mmoja ndani ya friji: arabika ya Kilimanjaro iliyooshwa, robusta ya Kagera, na kijipakiti cha kahawa ya fungo nilichowahi kuletewa zawadi. Gesi ilipotea, povu likafa, lakini ladha ilibaki. Waonjaji wenzangu wanne wakapewa glasi tatu tatu, mbili za aina moja na moja tofauti, waitaje iliyo tofauti. Robusta waliikamata wote wanne. Ule mkwaruzo wake kama ganda la karanga haujifichi. Kati ya fungo na arabika yetu, ni mmoja tu aliyepatia, na alikiri kwamba alibahatisha.

Kuna jambo jingine linalonikera zaidi kuliko ladha. Hoja ya kopi luwak tangu mwanzo ni kwamba mnyama huru, usiku, anachagua mwenyewe matunda yaliyoiva sawasawa. Mwaka 2013 BBC walionyesha mafungo wa Sumatra wakiwa wamefungiwa kwenye vizimba. Tony Wild, aliyekuwa wa kwanza kuiingiza kahawa hii Uingereza mwaka 1991, naye aligeuka akaanza kampeni ya kuipinga. Fungo wa kizimbani anakula anacholetewa, na mchaguzi sasa ni mtu mwenye ndoo. Kuitambua kopi luwak halisi nako ni shida: mwaka huohuo wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Osaka walipendekeza kuipima kwa kemikali zake, zikiwemo asidi. Sijui kazi kama hiyo utaifanyia wapi ukiwa na pakiti mkononi sokoni.

Glasi ya mwisho ya chupa ya kwanza nilimpelekea mama mkubwa, Kibosho. Yeye amepika mbege tangu kabla sijazaliwa, na mbege nayo ina kiungo chake cha ajabu: gome la msesewe. Ndizi mbivu zinachemshwa na kuachwa zichachuke, mso, yaani uji wa kimea cha ulezi, unaongezwa, na msesewe unatia uchungu, kazi ileile ambayo Wazungu wanaipa hopsi. Ukiondoa msesewe, unabaki na kinywaji kitamu cha kuchosha, na mtu yeyote pale kijiweni atajua kwa funda la kwanza kwamba mpishi ameiba.

Mama mkubwa alinusa, akaonja kidogo, akaitazama glasi.

"Mwanangu, hii ni pombe au dawa?"

"Pombe, mama. Ina kahawa iliyotoka kwa fungo."

Alionja tena. "Uchungu wake umeungua. Wangu ni wa gome, unakuja mbichi." Akanywa yote, kisha akauliza kama huko Ulaya hawana mtu wa kuwachumia buni mpaka wamtume fungo.

Chupa ya pili niliitunza kabatini miezi kumi na minne. Watu husema bia za kileo kikubwa hukaa, na kwa stauti kali ni kweli mara nyingi, lakini kahawa haikai. Inachakaa humo ndani kama inavyochakaa kwenye pakiti iliyofunguliwa. Nilipoifungua, sukari guru ilikuwa imekomaa, imesogea kuelekea tende, na kileo kimetulia. Mahali pa kahawa palikuwa na pilipili hoho mbichi, ile harufu ya kuikata ubaoni. Ni kasoro inayojulikana kwenye bia za kahawa. Ukiipata chupa ya aina hii, soma tarehe, na kama kahawa ndiyo unayoifuata, inywe mapema.

Hiyo yenye hoho hatukuimwaga. Kulikuwa na mbuzi jikoni siku hiyo, na kwa nyama choma ilikwenda vizuri kuliko ile ya kwanza.