Picha ya ubongo si hukumu ya mgonjwa

Malalamiko ya namna moja yamezidi kwenye dawati letu la kliniki hapa Mombasa. Jamaa wa mgonjwa wa kiharusi huja na bahasha mkononi: "Mlisema picha haina kitu, mbona baba hasemi?" Mwingine huja baada ya miezi sita na swali la kinyume. Mamake sasa anatembea, lakini picha mpya bado ina doa jeusi, naye anashuku tumempa picha ya mtu mwingine.

Wote wawili wanadhani umbile la ubongo na kazi yake huenda sambamba. Haviendi hivyo.

Mshipa ukiziba, kazi ndiyo hukatika kwanza. Mkono hulegea na ulimi kuwa mzito ndani ya dakika chache, ilhali picha ya CT (eksirei inayoonyesha ubongo tabaka kwa tabaka) ya saa za mwanzo yaweza kutoka safi. Tunaipiga upesi hasa kuona kama damu imevuja. Picha safi haina maana kwamba mgonjwa ni mzima. Hili tumelisema mara nyingi mno. Kwa makadirio, kiharusi cha kuziba huua seli za neva milioni 1.9 kila dakika, na dawa ya kuyeyusha donge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4.5 tangu dalili zianze. Kumpeleka mzee kwanza akatolewe upepo, au kungoja kuche ndipo mvuke kwa feri ya Likoni, ni kuzipoteza saa hizo.

Baadaye mambo hugeuka. Mama mmoja wa Kisauni, mpishi wa mahamri, alipooza mkono wa kulia. Mtaalamu wa mazoezi alimwekea sinia lenye donge la unga. Wiki ya kwanza vidole vililala juu ya unga bila kuacha alama. Mwezi wa nne vilikuwa vikikanda. Doa kwenye picha halikuondoka, kwani seli zilizokufa hazirudi. Sehemu jirani zilijifunza kazi kwa kurudiarudia.

Na kazi nayo hubadili umbile. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walionyesha kuwa madereva wa teksi wa London, wanaokariri maelfu ya mitaa, wana sehemu ya nyuma ya hipokampasi, eneo la ubongo la kumbukumbu na njia, iliyo kubwa kuliko ya watu wengine. Mwaka 2004 watafiti nchini Ujerumani waliwafundisha watu kurusha na kudaka mipira mitatu; baada ya miezi mitatu sehemu fulani za ubongo wao zilikuwa zimeongezeka, na walipoacha zikapungua. Ndiyo maana tunawakemea wanaokatiza mazoezi mara tu mgonjwa anapoanza kushika kikombe.

Kuhusu nakala za picha: mgonjwa mwenyewe huja na kitambulisho na kujaza fomu. Asiyeweza kuja humwidhinisha mtu kwa maandishi, na idhini isiyo na sahihi au alama ya dole gumba inarudishwa. Msitushinikize tuwatumie kwa WhatsApp. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, anayetoa taarifa za mtu kinyume cha sheria anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni 3, kufungwa kwa muda usiozidi miaka 10, au vyote viwili.

Siku ya kliniki, mleteni mgonjwa mwenyewe. Bahasha peke yake haituonyeshi mkono wake unafanya nini.