Kilo 100 za mawe, kilo 56 za chokaa: dhana potofu katika hesabu za mimenyuko

Dhana: Moto umekula uzito.

Choma kilo 100 za mawe safi ya kalsiamu kabonati mpaka yaive kabisa, utatoa tanurini kilo 56 tu. Wengi husema nyingine zimeteketea. Hazikuteketea. Mlinganyo ni CaCO₃ → CaO + CO₂. Moli moja (kipimo cha kuhesabu chembe, kama dazeni ila kikubwa mno) ya jiwe ina gramu 100: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni 16 mara tatu. Inaacha gramu 56 za oksidi ya kalsiamu, yaani chokaa, na gramu 44 za kabonidioksidi zinapaa. Kwenye matanuri ya matumbawe ya pwani yetu macho huona moshi wa kuni, ila gesi itokayo kwenye jiwe lenyewe haina rangi, kwa hiyo hakuna anayeihesabu. Uwiano ni uleule kwa gramu, kilo au tani.

Ukizimua chokaa hiyo, kilo 56 hunywa kilo 18 za maji na kuwa kilo 74. Fundi humwaga maji zaidi ya hapo, maana joto la kuzimua hugeuza sehemu yake kuwa mvuke.

Dhana: Namba za mbele kwenye mlinganyo ni gramu.

Hapa ndipo alama nyingi za mtihani zinapopotelea. 2H₂ + O₂ → 2H₂O haisemi gramu 2 za hidrojeni kwa 1 ya oksijeni. Inahesabu molekuli, na kwa hiyo moli. Kwa uzito ni gramu 4 kwa 32, zinazotoa gramu 36 za maji. Ndiyo maana hakuna njia ya mkato: gramu kwanza ziwe moli, moli zipite kwenye uwiano, kisha zirudi gramu.

Dhana: Kilicho kizito zaidi hakiwezi kuwahi kuisha.

Chukua gramu 10 za hidrojeni na 40 za oksijeni. Hidrojeni ni moli 5, oksijeni moli 1.25 tu. Kila moli ya oksijeni hutumia moli 2 za hidrojeni, basi oksijeni inaisha kwanza, maji yanapatikana gramu 45, na gramu 5 za hidrojeni zinabaki zikikosa mwenzake.

Dhana: Kilichobaki tanurini kikiwa kizito, umepata chokaa nyingi.

Turudi kwenye mawe yetu. Mizani ikisoma kilo 67 badala ya 56, mtu asishangilie. Zimeondoka kilo 33 za gesi kati ya 44, yaani robo tatu tu ya jiwe ndiyo iliyoiva. Humo mna kilo 42 za chokaa na kilo 25 za jiwe bichi, na mavuno halisi ni asilimia 75 ya zile kilo 56. Dawa yake ni kuyavunja mawe madogo zaidi kabla ya kuyapanga, au kuongeza muda wa moto.